Maumivu ya Kiuno na Picha ya Sumaku

(Haya ni maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, mpiga picha za uchunguzi mstaafu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya faida za sayansi katika tiba. Nikamjibu kwamba jambo hilo ni pana kama mbuga ya Serengeti, na mimi sina gari. Nikamwomba anipunguzie mzigo nizungumze juu ya kitu kimoja ninachokifahamu, nacho ni kiuno. Nimefanya kazi ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa zaidi ya miaka 30. Nilianza na filamu za eksirei tulizokuwa tukizisafisha gizani kwa mikono, nikamalizia kwenye mashine za MRI. Katika miaka hiyo yote hakuna sehemu ya mwili ambayo watu wa kwetu, wa Tarime na wa Serengeti, wameniuliza habari zake kuliko kiuno. Hata leo asubuhi, kabla sijamaliza chai, wanachama watatu walikuwa wamekwisha nionyesha bahasha.

Mwenye bahasha hupenda kuifungua mwenyewe. Huitoa ile picha kubwa nyeusi, akaiinua kuelekea dirishani kama alivyoona madaktari wakifanya, kisha akanisomea karatasi ya majibu iliyoandikwa Kiingereza, akipumzika kwenye kila neno refu. Mwisho huuliza swali lile lile: "Ndugu yangu, pingili zimesagika?" Nataka leo niwajibu wote kwa pamoja. Na nitawaeleza pia habari za watu wawili, mmoja ambaye picha ilimtia hasara, na mwingine ambaye picha ilichelewa kumfikia kwa sababu yangu mimi.

Viuno vyetu vina haki ya kulalamika. Huku Tarime tunalima kwenye miteremko kwa jembe la mkono, na mkungu wa ndizi haujui kujipeleka barabarani. Kule Nyamongo vijana huinua viroba vya mawe ya dhahabu. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, mtu hushinda nyuma ya plau akivutana na ng'ombe wasiotaka kugeuka. Kutoka Tarime mpaka Mugumu kupitia Nyamongo ni kama kilomita 87, na aliyewahi kupita njia hiyo nyuma ya pikipiki wakati wa mashimo na vumbi hahitaji mhadhara wangu. Hata hivyo msidhani kazi ndiyo mshitakiwa peke yake. Uchunguzi uliofanywa kwa mapacha wa Finland, ukatolewa mwaka 1995, ulionyesha kwamba asili tunayorithi kwa wazazi ina sehemu kubwa zaidi kuliko kazi katika kuchakaa kwa diski za mgongo. Wako makarani wenye diski mbovu, na wako wapagazi wenye diski za kijana.

Basi tuanze na mwili wenyewe. Chini ya mbavu mtu ana pingili tano za kiuno. Wataalamu huzihesabu kutoka juu kwenda chini kwa herufi L, yaani L1 mpaka L5. Chini yake uko mfupa wa sakramu, ulioshikana na nyonga, ambao sehemu yake ya kwanza huitwa S1. Kati ya pingili na pingili kuna diski. Diski si mfupa. Ukingo wake ni nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likienda mshazari tofauti na lenzake, kama ukili. Na katikati kuna ute mzito, kama mlenda uliopoa. Sehemu kubwa ya ute huo ni maji. Mtoto mchanga ana maji karibu sehemu 90 katika kila 100 za ute wake, na mzee hubakiwa na 70 hivi. Katikati ya diski ya mtu mzima hamna mishipa ya damu. Hupata maji na chakula kwa kunyonya kutoka kwenye pingili zilizo jirani, hasa usiku tukiwa tumelala, na mchana uzito wa mwili huyakamua maji hayo tena. Vijana wa bweni mnaweza kulihakikisha jambo hili bila mashine yo yote. Pimaneni urefu ukutani mkiamka, mpimane tena kabla ya kulala. Mtakuta mmepungua kwa sentimita moja hivi.

Nyuma ya diski ndipo inapopita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Ukingo wa diski ukilegea, diski hutuna. Ukichanika, ute huweza kuchomoza au hata kumwagika nje na kuubana mshipa. Hapo maumivu hayakai kiunoni. Hushuka kwenye tako, yakapita pajani, mpaka unyayoni. Katika kila visa 100 vya namna hii yapata 95 hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, yaani ile ya kati ya L4 na L5, na ile ya kati ya L5 na S1. Jambo hili halikufahamika sawasawa mpaka mwaka 1934, ambapo madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walieleza kwamba vinyama vilivyokuwa vikitolewa migongoni mwa watu na kudhaniwa kuwa uvimbe wa gegedu, vingi vilikuwa vipande vya diski.

Nilipoanza kazi, mashine yetu ilikuwa eksirei. Eksirei huona mfupa vizuri lakini diski haiioni. Huona nafasi tu kati ya mifupa, kama mwalimu wa zamu anayehesabu wanafunzi waliotoroka kwa kuangalia vitanda vitupu. Palipokuwa na shaka kubwa tulifanya mielogramu. Daktari alidunga sindano kiunoni, akaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha meza ikainamishwa huku na huku ili dawa itembee kuizunguka mishipa ya fahamu. Nimeshika miguu ya watu wengi kwenye meza ile. Wengi wao waliondoka na maumivu ya kichwa ya siku mbili tatu, na wako waliosema kichwa kiliwaumiza kuliko kiuno.

Sasa vijana wa fizikia nisikilizeni, maana hapa tunaingia darasani kwenu. Kila tone la maji lina hidrojeni, na kiini cha hidrojeni ni protoni moja. Protoni hiyo ina tabia ya pia, ile mnayoizungusha kwa kamba, na kwa kuwa ina chaji, yenyewe ni kisumaku kidogo. Kwa kawaida visumaku hivi vya mwilini vimeelekea kila upande, kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Mgonjwa akilazwa ndani ya sumaku kubwa ni kama kengele imelia: wachache waliozidi hujipanga kuifuata sumaku, na wote huyumba kwa mwendo mmoja, kama pia inayoanza kuchoka. Katika mashine ya nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya dunia inayogeuza dira, protoni huyumba karibu mara milioni 64 kwa kila sekunde. Hayo ni masafa ya redio, chini kidogo ya yale ya stesheni za FM. Mashine hupiga wimbi la redio la masafa hayo hayo, protoni zikainama. Wimbi likinyamazishwa, protoni hurudi mahali pake, na katika kurudi hutoa wimbi dogo la kwao. Mashine hulisikiliza wimbi hilo. Kwa hiyo chumba chote huzungushiwa shaba, ili redio za mitaani zisiingie kuvuruga.

Kujua wimbi limetoka wapi mwilini ndiko kulikokuwa kugumu. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, huko Marekani, alionyesha kwamba ukiongeza sumaku ndogo inayopungua nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila mahali huwa na masafa yake, na picha huweza kuchorwa. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya vibomba viwili vya maji. Peter Mansfield, wa Nottingham, Uingereza, akatafuta hesabu na njia za kuipata picha upesi. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Raymond Damadian, ambaye mwaka 1977 alitengeneza picha ya kwanza ya mwili wa mtu mzima kwa kazi ya karibu saa tano, hakutajwa, naye akalipia kurasa nzima za magazeti kulalamika. Wakubwa nao hugombana kama sisi. Zile kelele za kugonga ambazo wagonjwa huzilalamikia, kama mtu anayepigilia bati juu ya kichwa chako, hutoka kwenye koili za sumaku hizo za ziada. Mgonjwa hulala humo kama nusu saa bila kujitikisa. Hapigwi mionzi yo yote ya eksirei.

Tufungue sasa bahasha. Katika picha ya namna inayoitwa T2, maji huonekana meupe. Diski ya kijana hung'aa katikati. Diski iliyokauka huwa nyeusi. Tangu mwaka 2001 wataalamu wengi hutumia ngazi tano zilizopangwa na Pfirrmann na wenzake, ngazi ya kwanza ikiwa diski nyeupe iliyosimama vizuri, na ya tano diski nyeusi iliyobonyea. Mnaposoma kwenye karatasi kwamba diski "imechakaa," maana yake hasa ni kwamba maji yamepungua. Mashine imeona maji. Maumivu haikuyaona, kwa sababu maumivu hayana protoni zake.

Hapa nawaleta kwa baba yangu mdogo, anayekaa upande wa Mugumu. Alikuwa na miaka 58 kiuno kilipomkamata msimu wa kulima, maumivu yakishuka mguu wa kushoto. Wiki ya tatu aliuza mitamba miwili, akapanda basi kwenda kupigwa picha mbali. Karatasi ilisema diski mbili za chini zimechakaa na moja imetuna. Njiani akakutana na mtu aliyejua kusoma Kiingereza, akamtafsiria: pingili zimesagika, ukiinua kitu utapooza. Baba mdogo akarudi nyumbani, akaweka plau juu ya dari, akakalia kigoda. Alikikalia miezi minane. Mimi nilikuwa mbali kikazi. Nilipokuja kumwona nilikuta mapaja yamekonda kama ya mtu aliyetoka kwenye maradhi makubwa, na watoto wamekodisha shamba.

Nikaiomba ile picha. Ilikuwa picha nzuri na karatasi ilisema kweli tupu. Diski zilikuwa nyeusi, na ile ya kati ya L4 na L5 ilikuwa imetuna. Lakini ilikuwa imetuna upande wa kulia, na mguu uliokuwa ukiuma ni wa kushoto. Nikamwambia: "Baba, simama kwa visigino." Akasimama. "Simama kwa vidole." Akasimama. Nikamlaza kwenye mkeka, nikauinua mguu wake wa kushoto ukiwa umenyooka, na haukumwuma. Nikamwuliza maumivu ya mguu yaliisha lini. Akafikiri, akasema yaliisha zamani, kabla ya mtama kuvunwa. Miezi yote ile alikuwa akiugua karatasi.

Ndugu zangu, si yeye peke yake. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitoa uchunguzi wa watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo hata kidogo. Waliwapiga picha za MRI. Ni watu 36 tu katika kila 100 waliokuwa na diski zote safi. 52 walikuwa na diski iliyotuna mahali fulani, na 27 iliyochomoza. Mwaka 2015 wataalamu wengine walikusanya pamoja chunguzi 33 za watu wasioumwa, jumla yao 3,110. Walikuta kwamba diski zilizochakaa huonekana kwa watu 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa 80 katika kila 100 wenye miaka 50. Wanachama wenzangu wa miaka ya themanini, kama tungepangwa foleni hapa mbele ya mashine leo, wengi wetu tungerudi viti vyetu na karatasi za kutisha, na jioni tukacheza mpira kama ratiba inavyosema.

Liko jambo jingine linalowashangaza watu. Kipande cha diski kilichomwagika nje kabisa mara nyingi huliwa na mwili wenyewe. Seli za kinga hukiona kama mgeni, zikakimeng'enya. Vipande vikubwa vilivyokatika hupungua mara nyingi kuliko diski iliyotuna kidogo tu. Ndiyo sababu watu wengi wenye maumivu ya mguu hupata nafuu katika wiki 6 mpaka 12, na ndiyo sababu madaktari waangalifu hawaandiki MRI katika wiki sita za mwanzo kama hakuna dalili ya hatari. Wanakupa dawa ya maumivu, wanakuambia uendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi, na wanakutaka urudi. Mgonjwa wetu huona amepuuzwa. Amekwenda hospitali na hakupigwa kitu! Akitoka hapo huuza ng'ombe akatafute picha mwenyewe.

Tena mengi yaliyomo kwenye picha huweza kujulikana kitandani, au hata chini ya mti. Mshipa unaobanwa na diski ya kati ya L4 na L5 mara nyingi ni ule wa L5, na mwenye tatizo hilo hushindwa kuinua kidole gumba cha mguu au kutembea kwa visigino. Mshipa wa S1 ukibanwa na diski ya chini yake, ganzi huwa ukingo wa nje wa unyayo, na mtu hushindwa kusimama kwa vidole vya mguu mmoja. Daktari au tabibu akiyapima hayo kwanza, ndipo picha huja kuulizwa swali: je, diski imeubana mshipa huu, upande huu? Picha ikijibu ndiyo, na mguu unapoteza nguvu au maumivu yamekataa kupungua, upasuaji huzungumzwa. Picha isiyoulizwa swali hujibu maswali yote, hata yale ambayo hakuna aliyeyauliza.

Nimesema maneno haya kwa miaka mingi, na niliyaamini mno. Sasa nawaeleza yalivyonitia kosani.

Miaka michache kabla ya kustaafu alinipigia simu mwenzangu wa bweni. Tulilala vitanda vya jirani hapa kwa miaka minne. Alikuwa na ng'ombe wake, na pia alifanya kazi karakana moja huko Nyamongo. Akaniambia kiuno kinamwuma wiki ya tano. Nikamwuliza mguu je? Akasema mguu hauumi sana. Nikacheka, nikamwambia, "Mura, huo ni mgongo wa kazi, na sisi ni wazee sasa. Usitupe fedha kwenye mashine. Tembea." Akanishukuru. Alitembea, kama nilivyomwagiza, kwa muda wa miezi miwili, akila vidonge vya maumivu vya dukani.

Sikumwuliza kama ana homa. Alikuwa nayo, ya jioni, inayokuja na kuondoka. Sikumwuliza kama anatoka jasho usiku. Mkewe alikuwa akibadilisha shuka. Sikumwuliza kama amepungua, wala kama maumivu yanamwamsha usiku hata akiwa amelala bila kujitikisa. Maumivu ya diski kwa kawaida hupungua mtu akilala, yale yalizidi. Na sikumwuliza habari za zizi. Msimu ule ng'ombe wake wanne walikuwa wametupa mimba, naye ndiye aliyewasaidia kwa mikono mitupu, na maziwa ya nyumbani kwake yalikuwa yakinywewa bila kuchemshwa, kama wengi wetu tulivyolelewa.

Siku aliyonipigia tena alisema mguu wa kulia unaburuta. Safari hii sikucheka. Tulimpeleka hospitali kubwa, na mimi nikaandamana naye. Mlangoni mwa chumba cha MRI kijana mpiga picha alimsomea maswali ya chuma: una kifaa cha moyo, umewahi kufanyiwa upasuaji, una chuma mwilini? Mwenzangu akajibu hapana kwa yote. Nikakumbuka paja lake. Tulipokuwa wanafunzi tulioga pamoja kila asubuhi, na nililifahamu lile kovu. Alichomwa mshale katika ugomvi wa koo, kabla hajaingia kidato cha kwanza, na ncha ilivunjikia ndani. Alikuwa ameisahau, au aliona aibu kuitaja mbele ya kijana. Pia karakanani alisaga vyuma kwa miaka mingi bila miwani.

Sumaku ya MRI haizimwi jioni wala umeme ukikatika. Iko hai saa zote. Kipande cha chuma kilichokaa mwilini huweza kuvutwa au kupata joto. Kilichomezwa na nyama ya paja miaka 40 mara nyingi hakisogei, lakini chembe ndogo ya chuma ndani ya jicho huweza kulipofusha. Basi tulirudi nyuma, akapigwa eksirei ya macho na ya paja. Macho yalikuwa safi. Ncha ilionekana pajani, mbali na mishipa mikubwa, na daktari wa picha akakubali kwa tahadhari. Nawaomba wazee wetu wenye makovu ya namna hiyo wayataje bila kuona haya. Kina mama nao wavue bangili zote, hata za shaba. Najua mwalimu wenu amewafundisha kwamba shaba haivutwi na sumaku, na ni kweli, lakini yale mawimbi ya redio huweza kuitia joto na kuunguza mkono. Hirizi yenye kichuma ndani ya ngozi nayo iachwe nje, itamsubiri mwenyewe.

Nilikaa mbele ya kioo picha zilipoanza kuja. Nilikuwa nimezoea kutafuta maji yaliyopotea. Safari hii niliona maji mahali pasipostahili. Pingili za L4 na L5, ambazo hazikupaswa kung'aa namna ile, ziling'aa, diski ya kati yao imekwisha kuliwa kingo, na nyuma yake kulikuwa na usaha unaousukuma mshipa wa fahamu. Damu ilipopimwa ikathibitisha ugonjwa wa brusela, ule ule unaotupisha ng'ombe mimba. Wadudu wake wakiingia mgongoni hupenda pingili za kiuno. Kifua kikuu nacho huingia mgongoni, mara nyingi juu zaidi kidogo, na mwanzoni huiacha diski nzima huku kikila mfupa. Tofauti hizo eksirei huzionyesha baada ya mfupa kuharibika. MRI huziona mapema, kama mtu amepelekwa mapema.

Alitibiwa kwa dawa kwa miezi mingi, usaha ukanyonywa, akapona. Mguu haukurudi wote. Yumo humu ukumbini, safu ya tatu, na fimbo yake, na ndiye aliyeniambia niyaseme haya; mimi nilitaka kuyafunika kwa kusema "mgonjwa mmoja."

Kwa hiyo msiondoke hapa mkisema mzee amekataza MRI. Mtu mwenye maumivu ya kiuno na homa, au jasho la usiku, au kukonda kusikoeleweka, au aliyewahi kuugua saratani au kifua kikuu, asisubiri wiki sita. Aliyeanguka na pikipiki au juu ya paa asisubiri. Mguu unaozidi kupoteza nguvu siku hata siku usisubiri. Na yuko mmoja ambaye hapaswi kusubiri hata asubuhi: aliyeshindwa ghafla kukojoa, au asiyeweza kujizuia, au aliyepata ganzi katikati ya mapaja, pale panapogusa tandiko la baiskeli. Huyo diski kubwa imeibana mishipa yote kwa pamoja, na anahitaji kupasuliwa upesi. Kwa huyo uzeni ng'ombe usiku huo huo, kodini gari, mpite Kirumi, Bunda na Magu mpaka Bugando, au apelekwe MOI, Dar es Salaam, kama ndiko anakoandikiwa. Wako pia wanaovuka Sirari kutafuta picha upande wa Kenya. Popote mwendako, ondokeni na barua ya tabibu inayoeleza alichokipima na anachokiuliza.

Baba mdogo alirudi shambani msimu uliofuata, kwanza kwa jembe, baadaye kwa plau. Ilichukua muda mrefu kumwondoa woga kuliko ulivyochukua mguu kupona. Mitamba yake haikurudi.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Wenye bahasha watanikuta chini ya mti ulio karibu na maabara mpaka saa kumi, kabla ya mpira. Nitaomba kila mmoja avue viatu kwanza asimame kwa visigino, ndipo tufungue picha. Na atakayekuja nitamwuliza pia habari za homa na za zizi lake, hata kama amekuja kwa ajili ya mguu tu.